Upanga wa Bellona Uko Mkono wa Kushoto

Paris, mtaa wa Saint-Jacques
9 Machi 1786

Baba,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila kikohozi cha Mama kimerudi na hataki kunywa chochote zaidi ya mchuzi wa vitunguu anaoupika mwenyewe. Anasema madaktari wa Paris wanaua watu kwa adabu. Mdogo wangu Perrine ameng'oka jino la mbele. Sasa kila akitaja jina lake mwenyewe anapiga mluzi, tukacheka mpaka akalia. Bwana Tournebise anakusalimu sana. Juzi baridi iliukwamisha mtambo wake wa kuchapia, wino ukawa mgumu kama jibini, akautukana kwa maneno ambayo Mama alinitoa nje nisiyasikie. Nilikuwa nimeshayasikia yote.

Sasa lile jambo. Siku unaondoka, gari linapakiwa mizigo, uliniuliza kama nina la kusema, nikabaki nakunja ncha ya aproni. Unanijua. Mbele ya watu ulimi wangu unalala, jasho linanitoka mgongoni, na yule ninayetaka kusema naye anaondoka akidhani sina neno. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama.

Umechukua nakala tatu za Bellona wangu uende ukamwonyeshe Mtukufu wa Rosenhalden. Ni zile nakala za mwanzo, tunazozichapa kabla hatujachonga maandishi, ukanda wa chini ukiwa mtupu. Najua ndiyo desturi, najua wakubwa wanazipenda hivyo. Lakini picha isiyo na maandishi haisemi ni ya nani, na aliyeitengeneza amebaki huku na kikohozi cha Mama. Wa kusema ni wewe. Uliniahidi jikoni, kikombe mkononi: "Nitawaambia ni ya binti yangu, Odile, wafe kwa wivu."

Tangu nina miaka kumi na miwili nakujazia mawingu, mikunjo ya nguo na majani ya miti kwenye picha zako, jina chini ni lako, na ni haki. Huyu ni tofauti. Mchoro ni wangu, nukta za sindano kwenye shaba ni zangu, kila moja. Ni mungu wa kike wa vita wa Warumi, hakuna aliyenituma nimchore, na sitakuambia kwa nini nilimchora.

Je, wameiona? Nichonge jina? Nimejaribu kulichonga kinyume, kulia kwenda kushoto, kwenye kipande cha shaba kibovu, kwa sababu shaba hugeuza kila kitu ikichapwa. Linasomeka vizuri: *Odile Brassart amechora na kuchonga.* Nangoja neno lako tu.

Binti yako mtiifu,
Odile


Rosenhalden
2 Aprili 1786

Odile mwanangu,

Marahaba, marahaba. Mwambie Mama yako ameze dawa, asijifanye mjuzi kuliko watu waliosoma. Mwambie Perrine nimeusikia mluzi wake kwenye barua. Mimi mzima, ila nanenepa. Huku wananilisha madonge ya unga makubwa kama ngumi ya Tournebise, na kabichi chachu asubuhi na jioni. Kijerumani changu unakijua. Natabasamu, natikisa kichwa, nasema ndiyo, ndiyo. Huenda nimeshakubali mambo ambayo siyajui.

Picha wameiona! Ungekuwepo. Mtukufu aliichukua kwa mikono yake, akaipeleka dirishani, akaikagua pembe kwa pembe. Huku wamezoea miungu wa kike walionona, wamejilaza mawinguni na watoto wenye mabawa, mashavu kama nyama mbichi. Mara anamwona huyu: amesimama wima, vazi limeshuka kama mifereji ya nguzo, hana hata pambo moja, na uso ule. "Hii ndiyo Roma," Mtukufu akasema. "Wengine wote walikuwa wananiuzia keki." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Kuhusu maandishi, usichonge kwanza. Acha ukanda mtupu. Mambo ya kwenye majumba ya wakubwa yana mwendo wake, nitakueleza yakikaa sawa.

Jambo moja dogo. Ule upanga ameushika mkono wa kushoto. Ulifikiria nini? Kuna profesa hapa, Stumpf, mtunza sanamu za Mtukufu, mtu mrefu, kichwa kama yai. Kila tukikutana kwenye ngazi ananiuliza. Nijibu upesi.

Baba yako


Paris
21 Aprili 1786

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo kidogo, dawa hajameza. Perrine amepoteza jino la pili. Mvua imeingia dukani, karatasi za ile dazeni ya mwisho zimeota madoa, Bwana Tournebise anasema tuziuze kama ramani za mbinguni.

Nimefurahi kwamba Mtukufu ameipenda. Kweli nimefurahi. Nilikwenda nyuma ya mtambo nikafurahi peke yangu, nikarudi.

Lakini Baba, nimeisoma barua yako nikitafuta mahali uliposema "binti yangu" na sikupaona. Nikadhani nimeruka mstari. Nikampa Mama. Aliisoma, akaikunja, akaenda kukanda unga wa mkate kwa nguvu ambayo unga hauihitaji. Bwana Tournebise naye akauliza, "Anangoja nini kuweka jina, karatasi ipande bei?" Nikasema mambo ya wakubwa yana mwendo wake. Akasema, "Na ya waongo pia." Nikamwambia asikuseme hivyo. Ilinitoka kwa sauti ndogo, akaomba nirudie, nikashindwa. Unakumbuka masista wa shuleni walivyokuambia nina sauti ya panya kwa lugha mbili, Kifaransa na Kijerumani.

Nakuuliza kwa heshima zote. Profesa Stumpf anakuuliza *wewe* kuhusu upanga kwa nini? Si ungemwambia, sijui, ngoja nimwandikie aliyechonga?

Nijibu hili moja tu. Mengine yatangoja.

Odile


Rosenhalden
11 Juni 1786

Mwanangu mpendwa,

Usihesabu siku, posta ya huku ni balaa. Mto ulifurika, daraja likaenda, kisha mafua yakanishika, kisha shughuli. Natumai kikohozi cha Mama kimeisha na Perrine amebakiza meno ya kulia chakula.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Baba yako ni mchongaji rasmi wa Mtukufu wa Rosenhalden! Kwa barua yenye mhuri, na koti la bluu. Kuna nyumba kwenye bustani ya kasri, ina mitufaa na kisima. Mtakuja wote. Perrine atapata mbuzi. Mama yako atasikia Kijerumani mpaka achoke, na atakuwa na jiko ambalo moshi unatokea kwenye bomba badala ya kwenye macho yake. Miaka thelathini nimepanga foleni kwenye vyumba vya kungojea vya watu, Odile. Thelathini. Huku nikipita watu wanasimama.

Sasa sikiliza. Mtukufu anataka wa pili wa kukaa naye ukutani: Ceres, mungu wa nafaka, ukubwa uleule, nukta zilezile. Wewe mkono wako ni wa nukta. Wangu ni wa mistari, wa kizamani, unaujua. Mchore, mchonge, umlete au umpe Tournebise amlete, bila maandishi. Tutafanya kama tulivyofanya siku zote. Ile picha yangu ya arusi ya Kana, anga lote ulilijaza wewe, ulidai jina? Hukudai. Karakana ni moja, na ubao ulio mlangoni una jina moja.

Na huo upanga, Odile, nijibu! Stumpf anaandika makala. Ilinibidi niseme kitu, nikasema kitu, sasa anataka kurasa zaidi.

Baba yako akupendaye


Paris
30 Juni 1786

Mjomba Kuntzer ametuletea gazeti kutoka Strasbourg. Alifungia ndani yake soseji. Alidhani Mama atafurahi kukuona umechapwa gazetini. Nakunakilia, maana najua kwa Kijerumani hungeelewa ulichokisema:

"Bwana Anselme Brassart wa Paris, aliyeteuliwa majuzi kuwa mchongaji wa Mtukufu, ametushangaza kwa Bellona aliyemchora na kumchonga kwa mkono wake mwenyewe. Upanga uliowekwa kushoto, kama msanii alivyomfafanulia Profesa Stumpf, waonyesha kwamba vita hutoka upande wa moyo."

Niliyasoma kwa Kijerumani. Halafu nikajitafsiria kwa Kifaransa, nikidhani huenda kwa lugha ya pili mambo yatakuwa nafuu. Yalikuwa yaleyale.

"Soma tena pale penye moyo," Mama akasema. Nikasoma. Akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia ndani ya nyumba hii. "Upande wa moyo! Mwanamume huyu miaka ishirini namtafutia soksi, hajui hata moyo wake uko upande gani." Kisha akazima moto wa jiko, mchana, chakula hakijaiva, akakaa.

Kwa mkono wako mwenyewe. Baba, wewe nukta unaziita kinyesi cha nzi. Uliniambia hivyo mwenyewe, mara ngapi! Nilizichonga nikiwa nimekupa mgongo ili nisione unavyobenua midomo. Wewe hata sindano ninayotumia hujui naishika vipi. Ungeniomba, ningekupa. Hilo ndilo linaloniunguza zaidi. Ungesimama pale jikoni na kikombe chako ukasema, "Odile, nimechoka, nataka cheo hiki kabla sijafa, niazime picha yako," ningeinamisha kichwa na kusema sawa Baba, kama ninavyosema sawa kwa kila mtu. Ulijua ningesema sawa. Hukuniona hata wa kuombwa.

Unauliza nilidai jina la anga la Kana. Sikudai. Anga lilikuwa lako, mimi nilijaza. Ni nani aliyejaza ndani ya Bellona? Ni wewe? Wapi? Nionyeshe mahali.

Na upanga. Upanga ule, Baba, ni kosa. Hakuna moyo pale. Nilikosea. Nilitaka kumshikisha kulia kama askari yeyote, karatasi ilipoinuliwa kwenye mtambo nikaona uko kushoto, na shaba ilikuwa imeshachongwa. Unataka kujua kosa lilitokeaje? Sikuambii. Si wewe ndiye uliyechonga? Mweleze Profesa. Aandike kurasa nyingine.

Siku ileile gazeti lilipofika nilichukua sindano, nikachonga jina langu kwenye ule ukanda uliouagiza ubaki mtupu. Bwana Tournebise akachapa nakala arobaini bila kuniuliza kitu, akazitundika dirishani yeye mwenyewe. Jumamosi akaingia bwana mmoja mwenye fimbo ya fedha, akasoma, akamuuliza Bwana Tournebise, "Odile Brassart ni nani, mjane wa Brassart?"

"Yuko nyuma yako. Anafagia."

Akageuka. "Huyu? Huyu mtoto? Haya, nani alimsaidia?"

Nikasema, "Hakuna."

Ilitoka kwa sauti, Baba. Hata mimi niligeuka kutazama nani amesema. Alinunua mbili. Baada yake wakaja wengine, na mmoja anasafiri kwenda upande wenu.

Ceres sichongi.

Odile Brassart


Rosenhalden
24 Julai 1786

Odile,

Hata salamu? Barua nzima, kurasa nne, hakuna shikamoo, hakuna habari ya Mama yako, ya mdogo wako, hakuna chochote, kama unamwandikia mwizi! Nani alikutoa kwa masista walipokuwa wanakufundisha kushona leso? Nani alikuweka sindano mkononi? Shaba ile ulinunua wewe? Meza ile, dirisha lile unalokalia, mwanga wake, ni wa nani? Hapana, acha. Nimesema nitaandika kwa utulivu.

Umefanya nini, mtoto wewe! Mfanyabiashara kaja na nakala yako yenye jina. Stumpf akaiweka mezani kando ya ile isiyo na jina, mbele ya Mtukufu, mbele ya watu wa chakula cha mchana, supu ikiwa haijaondolewa. Wote wakanitazama. "Odile Brassart ni nani?"

Ningesema nini? Nilisema ni mwanafunzi. Nilisema ameiga kazi yangu ajifunze, kama wanafunzi wanavyofanya, na akapitiwa na ujana akaweka jina. Sikusema ni binti yangu, nisikuaibishe.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo. Kwangua jina. Sugua mpaka shaba ilainike, gonga kwa nyuma palipobonyea, chonga jina langu, unipelekee bamba lenyewe. Nakala zilizo dirishani ziondolewe. Yataisha. Mwaka kesho nitakutambulisha taratibu, utachonga maua, kuna wanawake huku wanaosifiwa kwa maua.

Mama yako hajaniandikia tangu Mei. Mwambie nimeuliza.

Kuna jambo jingine, nilitaka kukuficha. Mwishoni mwa Agosti ni sikukuu ya jina la Mtukufu. Stumpf amemtia wazo. Nitawekewa meza katikati ya ukumbi, wageni wamezunguka, nichonge uso wa Ceres kwa nukta, mbele ya macho yao. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kutaka kunitazama nikifanya kazi. Na nimejaribu, nimejifungia chumbani, nimeharibu vipande sita. Yanatoka mashimo. Uso unatoka na ndui.

Kama huwezi kuja, nifundishe kwa barua. Sindano inashikwaje? Unaanzia wapi, kivulini au kwenye mwanga? Odile, nijibu hili moja tu.

Baba


Rosenhalden, mlangoni pa kasri
29 Agosti 1786

Baba,

Mama yupo, kikohozi kimeisha. Perrine tumemwacha kwa Mjomba Kuntzer huko Strasbourg. Bwana Tournebise anaangalia duka.

Barua hii anakupandishia bawabu. Imeandikwa kwa vipande. Nusu niliiandika ndani ya gari, ndiyo maana herufi zinarukaruka, na nusu hapa chini kwenye benchi, Mama akinishikia wino. Isome yote kabla hujafanya lolote.

Umewaambia nimeiga. Uongo wenyewe ungeutunga kifundi basi. Anayeiga huweka picha mbele yake, akachonga anachokiona, na ikichapwa inatoka imegeuka. Wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa bado sifiki mezani. Kama ningemwiga huyo Bellona unayesema ni wako, upanga wangu ungetokea mkono wa kulia. Yaani ningekuwa nimelirekebisha kosa! Lakini yangu ina kosa lilelile, mahali palepale, nukta kwa nukta. Stumpf na kichwa chake kile hajaliwaza hilo bado. Atalikumbuka.

Sasa nitakuambia kosa lilitokeaje, kwa sababu sitaki tena kitu chochote kati yetu ambacho mmoja anacho na mwingine anakiwinda.

Unakumbuka siku ya Epifania mwaka jana, wale wageni wako wa chama cha wachongaji walipokuja kula keki? Nilikuwa napakua. Mmoja akauliza binti huyu ana kazi gani, ukasema, "Huyu? Ananijazia mawingu. Humsikii hata akipumua, ni kama kuwa na paka, bila gharama ya maziwa." Wakacheka. Nami nilicheka, Baba. Nilipakua keki nikicheka. Halafu nikapanda chumbani kwa Mama, nikafunga mlango, nikajitazama kwenye kioo chake kirefu, na kulikuwa na mtu pale ambaye sijawahi kumwona. Nyusi zimeshuka. Pua imepanuka. Nilimwogopa kidogo. Sikutaka aondoke.

Nikajifunga shuka. Nikavaa sufuria ya shaba kichwani, ile ya kupikia jamu. Nikashika chuma cha kuchochea moto, mkono wa kulia. Nikawa natazama, naweka chuma chini, nachora, nakishika tena. Kila nilipohisi hasira inapoa nilikuwa nasema kimoyomoyo "bila gharama ya maziwa" na inarudi.

Kwenye kioo mkono wa kulia unaonekana wa kushoto. Kwa hiyo mchoro wangu ulikuwa umeshageuka tayari, ulikuwa uende kwenye shaba kama ulivyo, na kwenye karatasi ungetokea sawasawa. Lakini mimi tangu utotoni nikishika mchoro mkono wangu unajua jambo moja: geuza kwanza. Nikaugeuza kwa karatasi ya mafuta, ile inayoonyesha mistari hata kwa nyuma, kwa mazoea, kama ninavyoigeuza michoro yako yote. Kioo kimegeuza, mimi nikageuza tena, shaba ikamaliza. Ndiyo hivyo. Huo ndio moyo wenu.

Na sasa umeshaelewa nililokuwa sitaki kusema. Ule uso ni wangu.

Umeubeba kwenye kabrasha kutoka Paris. Umeulaza kando ya kitanda chako kwenye nyumba za wageni. Umeuelezea kwa profesa, umeusifu, umepokea koti kwa ajili yake. Miezi mitano unautazama, na mara mbili umeniandikia kuuliza kuhusu upanga. Upanga, Baba! Hukuniuliza hata siku moja huyu mwanamke ni nani na amekasirikia nini. Mwizi ningemsamehe. Mtu mwenye njaa ya cheo ningemsamehe, nimeiona njaa hiyo mezani kwetu tangu nizaliwe. Lakini ulinisahau nikiwa nimesimama mbele yako, umenishika mkononi.

Nukta hazifundishwi kwa barua. Uso wa kwanza niliuharibu mwaka mzima, kisirisiri, ukiwa umelala. Huna mwaka. Hilo sikuandikii nikikucheka. Niliposoma kuhusu vipande sita nililia, na nilichukia kwamba ninalia, nikaenda kumwambia Mama, akasema, "Lia, lakini funga mizigo."

Bamba liko magotini kwangu, limefungwa kwa shuka. Jina halijakwanguliwa. Mama amevaa lile gauni jeusi la mazishi na ameshamwambia bawabu, kwa Kijerumani ambacho hajapata kukitumia miaka ishirini na ambacho naona kilikuwa kinachacha ndani yake muda wote, kwamba sisi ni mke na binti wa Bwana Brassart na kwamba hatuna haraka. Bawabu amesimama wima tangu wakati huo. Kwa dirisha la pembeni naona ukumbi, wameanza kuweka viti vya sikukuu ya leo, na Bellona yuko ukutani kati ya mishumaa miwili. Sikujua ni mkubwa hivyo akiwa peke yake.

Sikuja na hotuba. Unajua nisingeweza. Nilichokuja kufanya hakihitaji sauti. Nitaingia pale, nitasimama chini ya picha yangu, nitawageukia watu na kuwatazama kama ninavyojisikia. Watakaolinganisha walinganishe. Kisha nitakaa kwenye meza waliyokuwekea, nichukue sindano, nianze uso wa Ceres, kivulini, kwa sababu huanziwa kivulini, na wataniona.

Lakini kuna ngazi kati yetu, na juu yake uko wewe, na unaweza kuzishuka. Unaweza kuingia nami ukumbini ukasema kwa mdomo wako, kwa Kifaransa, Mama atatafsiri. Maneno si mengi. Ni yale uliyoyasema jikoni.

Bawabu ameambiwa asisubiri jibu la karatasi. Ukishuka, nitakuamkia hapa mlangoni mbele ya kila mtu, na nitapiga goti. Usiposhuka, tunaingia ukumbini bila wewe.

Odile